Laini Milioni 70, Watu Wangapi? Hesabu ya Wateja wa Simu Ikitazamwa kutoka Njombe na Makambako

Mwishoni mwa mwaka 2023, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zilionyesha kuwa laini za simu zinazotumika nchini zimevuka milioni 70. Sensa ya mwaka 2022 ilikuwa imehesabu watu 61,741,120, wakiwemo watoto wachanga na wazee ambao hawajawahi kushika simu. Mwishoni mwa 2024 laini zilikuwa zimepita milioni 86. Laini sasa ni nyingi kuliko watu, na pengo linazidi kupanuka kila robo mwaka.

Namba hizi husomwa haraka mno. Magazeti huandika kwamba "Watanzania milioni 70 wanatumia simu". Kampuni hutangaza kwamba zinaongoza soko. Mipango ya maendeleo huchukua idadi ya laini na kuifanya idadi ya wananchi waliofikiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba takwimu za laini ni za kweli na zina manufaa, ila zinajibu swali tofauti na lile tunaloliuliza. Anayetaka kujua wateja ni wangapi, au nani ameshika soko, lazima kwanza ajue kinachohesabiwa ni nini, kimehesabiwa kwa muda gani, na kimehesabiwa wapi. Mkoa wa Njombe, wenye mji wa njia panda kama Makambako na vijiji vya milimani na ufukweni mwa Ziwa Nyasa, unayaonyesha maswali hayo matatu kwa uwazi.

Kinachohesabiwa

TCRA huhesabu laini iliyotumika angalau mara moja katika miezi mitatu iliyopita. Kipimo hicho kinafanana na kile cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) kwa laini za malipo ya kabla, na kimechaguliwa kwa sababu nzuri. Karibu wateja wote wa Tanzania hununua vocha au bando kwanza, kisha hutumia. Hawana mkataba wa mwezi unaoonyesha nani bado ni mteja na nani ameondoka. Bila kuweka kikomo cha muda, laini iliyotupwa jalalani mwaka 2010 ingeendelea kuhesabiwa hadi leo.

Hata hivyo, siku 90 ni nyingi. Mkulima wa Wanging'ombe anayeweka laini ya pili mara moja kwa ajili ya bando la wikiendi, kisha akairudisha kwenye pochi, huhesabiwa kwenye kampuni mbili. Katika jedwali la taifa anaonekana kama wateja wawili wenye uzito sawa, ingawa laini moja inabeba maisha yake yote na nyingine imetumika kwa saa chache.

Zaidi ya hayo, si kila laini ina mtu. Mashine za malipo madukani na vifaa vya kufuatilia magari hutumia laini pia. Takwimu za TCRA za miaka ya karibuni zimeanza kutenganisha laini za watu na laini za mashine. Laini za mashine bado ni sehemu ndogo, lakini utenganisho huo ni hatua njema.

Kosa la upande wa pili husahaulika zaidi. Kuna watu wanaotumia simu bila kuwa na laini. Bibi kijijini hupokea salamu na fedha kupitia simu ya mjukuu. Mke hutumia simu ya mume. Mtu asiye na kitambulisho cha taifa cha NIDA hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu yake. Kwa hiyo hesabu ya laini inazidisha watu mahali pamoja na kuwapunguza mahali pengine, na makosa hayo mawili hayafutani. Anayezidishwa mara nyingi ni mwenye kipato na simu ya laini mbili. Anayepunguzwa ni yule ambaye mipango ya huduma ilipaswa kumtafuta.

Kwa nini mtu mmoja ana laini kadhaa

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria, nayo ni bei. Kwa miaka mingi kupiga simu kwenda mtandao mwingine kuligharimu zaidi kuliko kupiga ndani ya mtandao ule ule, kwa sababu kampuni inayopokea simu hulipwa gharama za mwingiliano na kampuni inayopiga. Mwaka 2013 gharama hiyo ilishushwa hadi shilingi 34.92 kwa dakika. Ilishuka tena hadi shilingi 15.60 mwaka 2018, shilingi 5.20 mwaka 2020, na shilingi 2.00 mwaka 2022. Kabla ya mshuko huo, kuwa na laini ya kila mtandao ulikuwa uamuzi wa busara kwa mfanyabiashara wa viazi ambaye wateja wake walitawanyika kwenye mitandao yote. Gharama zimeshuka, lakini mazoea yamebaki, na simu za laini mbili zimeyarahisisha.

Sababu ya pili ni ardhi. Njombe ni mkoa wa milima na mabonde, na mtandao unaoshika vizuri mjini unaweza kupotea kabisa unapoteremka upande wa Ludewa kuelekea ziwani, au unapoingia Makete. Mtu anayeishi kati ya sehemu mbili hizo ananunua mawasiliano mara mbili kwa sababu mtandao mmoja haumtoshi. Hapo wingi wa laini ni alama ya upungufu wa huduma, ingawa kwenye jedwali unasomeka kama maendeleo.

Sababu ya tatu ni fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, laini imekuwa akaunti. Wapo wanaotenga laini ya biashara na laini ya nyumbani, au laini ya kikundi cha kuweka na kukopa. Mawakala wenyewe huwa na laini za mitandao yote kwa sababu ya kazi yao. Katika mji wa biashara kama Makambako, vibanda vya mawakala pekee vinaongeza laini nyingi zisizolingana na idadi ya watu waliomo ndani yake.

Ipo pia huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba, iliyoanza Machi 1, 2017. Kinadharia ingepunguza haja ya laini za ziada. Kwa wengi, kuongeza laini kumebaki kuwa njia nyepesi kuliko kuhama, kwani hakumlazimu mtu kuacha chochote.

Usajili kwa alama za vidole ulioanza Mei 1, 2019 ulikuwa fursa kubwa ya kujua ukweli. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, Rais John Magufuli akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa. Tangu wakati huo kila laini ya raia inapaswa kuwa na namba ya NIDA nyuma yake. Maana yake ni kwamba hesabu ya watu wenye laini inaweza kupatikana bila kukisia: wanahesabiwa wenye namba za NIDA badala ya laini zao. Takwimu inayohitajika ipo ndani ya mifumo. Kinachokosekana ni kuichapisha kwa ukawaida ule ule wa hesabu ya laini.

Njombe kwa makadirio

Tufanye hesabu wenyewe, kwa uwazi, ili msomaji aone mahali ambapo kila dhana inaingia.

Njia ya kwanza huanzia juu. Tukichukua sensa ya 2022 na ongezeko la taifa la asilimia 3.2 kwa mwaka, Watanzania walikuwa takriban milioni 64 mwishoni mwa 2023. Laini milioni 70 kwa watu hao ni laini 109 kwa kila watu 100. Mkoa wa Njombe ulikuwa na watu 889,946 mwaka 2022, kutoka 702,097 mwaka 2012, sawa na ongezeko la asilimia 2.4 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2023 watu wake walikuwa karibu 920,000. Kwa uwiano wa taifa, mkoa ungekuwa na laini milioni moja hivi. Hii ichukuliwe kama dari, kwa sababu uwiano wa taifa unavutwa juu na miji mikubwa, hasa Dar es Salaam, yenye ofisi, maduka na kipato ambavyo wilaya za vijijini hazina.

Njia ya pili huanzia chini. Kitaifa, watoto wa chini ya miaka 15 ni zaidi kidogo ya asilimia 42. Tukitumia uwiano huo, Njombe ina takriban watu 526,000 wa miaka 15 na kuendelea. Kama wote wangekuwa na simu, hao ndio wateja wa juu kabisa wanaowezekana. Kama wenye simu ni wanane kati ya kumi, wateja ni 420,000. Kama ni saba kati ya kumi, ni karibu 370,000. Tazama matokeo yake: laini milioni moja kwa watu 420,000 ni laini 2.4 kwa kila mwenye simu, na kwa watu 370,000 ni laini 2.7. Namba hizo ni kubwa mno kwa mkoa ambao wakazi wake wengi ni wakulima.

Njia ya tatu ni utafiti wa kaya. FinScope ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa asilimia 72 ya Watanzania wa miaka 16 na kuendelea hutumia huduma za fedha kwa simu. Hao ni watu wapatao milioni 25. Mwishoni mwa mwaka huo huo, akaunti za fedha kwa simu zilikuwa zaidi ya milioni 50. Mtumiaji mmoja, akaunti mbili: huo ndio uwiano unaopatikana tunapoweka takwimu za kampuni kando ya majibu ya watu wenyewe.

Tukiutumia uwiano huo wa mbili kwa Njombe, watu 370,000 hadi 420,000 wangekuwa na laini kati ya 740,000 na 840,000. Ziko chini ya ile dari ya milioni moja, kama tulivyotarajia. Njia tatu, kila moja na udhaifu wake, zinakutana katika eneo moja. Hitimisho la makadirio haya ni kwamba wateja halisi wa simu mkoani Njombe wakati huo walikuwa karibu nusu ya laini zao, na kwamba zaidi ya watu 100,000 wenye umri wa kutumia simu huenda hawakuwa na laini yao wenyewe. Namba inaweza kusogea juu au chini kwa utafiti bora zaidi, lakini haiwezi kusogea hadi kusema kila mtu amefikiwa.

Ukuaji wa karibuni unathibitisha jambo hili. Kati ya mwisho wa 2022 na mwisho wa 2024, laini nchini zilipanda kutoka takriban milioni 60 hadi zaidi ya milioni 86. Katika miaka hiyo miwili idadi ya watu iliongezeka kwa milioni nne hivi. Wapo waliopata simu kwa mara ya kwanza, na hilo ni jambo la kufurahia. Lakini sehemu kubwa ya laini hizo milioni 26 haiwezi kuwa ya watu wapya.

Makambako na laini inayosafiri

Swali la tatu, la mahali, ni gumu kuliko yote. Makambako ipo pale ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Tunduma inaachana na barabara ya Njombe na Songea. Ina kituo cha reli ya TAZARA. Mabasi hushusha abiria, malori ya Zambia na Kongo hupumzika, na wanunuzi wa viazi, mahindi, mbao na maparachichi huja kwa misimu. Minara ya mji huu huhudumia simu nyingi ambazo wenyewe hawalali hapo.

Kwa hiyo laini inaweza kuwekwa Makambako kwa maana tatu. Inaweza kuwa imesajiliwa pale. Inaweza kuwa inakaa pale usiku mwingi wa mwaka. Au inaweza kuwa imefanya muamala au kupiga simu kupitia mnara wa pale. Kijana aliyesajili laini akiwa shuleni Njombe na sasa anafanya kazi Dar es Salaam anahesabika Njombe kwa maana ya kwanza tu. Dereva wa lori anahesabika Makambako kwa maana ya tatu tu. Mkulima wa Lupembe huenda akahesabika kwa maana zote, lakini Makambako siku ya kwenda sokoni na Njombe Vijijini siku nyingine.

Kila maana ina kazi yake. Anayepanga uwezo wa mnara anahitaji ya tatu, maana msongamano wa jioni ya stendi ni wa kweli hata kama watu ni wapita njia. Halmashauri inayopanga kufikisha ujumbe wa chanjo au wa pembejeo inahitaji ya pili. Ya kwanza husaidia uchunguzi na usalama. Kosa ni kuchukua namba ya maana moja na kuitumia kwa kazi ya nyingine: kusema mji una mawasiliano tele kwa sababu minara yake ina shughuli nyingi, wakati vijiji vinavyouzunguka vinapanda kilimani kutafuta mawimbi.

Nani ameshika soko?

Mwishoni mwa 2023 Vodacom ilikuwa na takriban asilimia 30 ya laini zote nchini. Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, na Airtel zilifuata kwa karibu, kila moja ikiwa na zaidi ya robo. Halotel, iliyoletwa na kampuni ya Viettel ya Vietnam na kuanza kazi Oktoba 2015 kwa kuelekeza nguvu vijijini, ilikuwa na asilimia 13 hivi. TTCL ya umma ilikuwa na sehemu ndogo ya asilimia chache.

Hii ni picha ya laini. Ukibadili kipimo, picha hubadilika. Kwenye akaunti za fedha, M-Pesa ina sehemu kubwa zaidi kuliko ile ya Vodacom kwenye laini, na Airtel Money ina sehemu ndogo kuliko ile ya Airtel kwenye laini. Ukipima kwa mapato, mpangilio unaweza kubadilika tena, kwa kuwa laini ya mfanyabiashara anayenunua bando kila siku na laini ya akiba iliyotumika mara moja kwa miezi mitatu zina uzito mmoja kwenye jedwali. Kulinganisha kampuni kwa laini tu ni sawa na kulinganisha wakulima kwa idadi ya magunia ya viazi bila kuuliza yapi ni ya lumbesa.

Upatikanaji wa taarifa nao haulingani. Vodacom Tanzania iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, hivyo hutoa hesabu zake hadharani. Airtel Tanzania, ambayo serikali ina asilimia 49 ya hisa zake, inaonekana ndani ya taarifa za kampuni mama iliyoorodheshwa London tangu 2019. Kwa kampuni zisizo sokoni, mchambuzi hubaki na jedwali la TCRA, na ndiyo sababu laini zimekuwa kipimo cha kila kitu: ndizo zinazopatikana kwa wote kwa wakati mmoja.

Zaidi ya yote, hisa ya taifa haimsaidii mtu wa kijiji chenye mnara mmoja. Kwake kampuni yenye mnara ina soko lote, hata kama kitaifa ni ya nne. Ushindani unaoonekana Dodoma au Dar es Salaam, kampuni nne zikivutana, haupo kwake. Hisa za soko zikipimwa kwa kata, ramani ya Njombe ingeonyesha kata za mjini zenye ushindani wa kweli na kata ambazo mteja hana la kuchagua.

Fundisho la michezo ya mtandaoni

Tatizo hili si la Tanzania pekee, wala si la simu pekee. Katika miaka ya 2000, michezo ya kuigiza wahusika mtandaoni ilipokua kwa kasi, kila kampuni ilitangaza idadi ya wateja kwa kipimo chake. Mmarekani Bruce Woodcock alijaribu kuzikusanya na kuzichora pamoja, akionyesha pia kiwango cha kuaminika kwa kila namba. Kazi yake ilinukuliwa sana kwa kuwa hakukuwa na mamlaka ya kuzihakiki.

World of Warcraft, mchezo uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulitangaza wateja milioni 12 Oktoba 2010. Ndani ya namba hiyo walikuwemo waliolipa ada ya mwezi, na pia wachezaji wa vibanda vya intaneti, hasa China, waliocheza kwa kulipia saa katika siku 30 zilizopita. Wote waliitwa wateja, ingawa fedha walizoingiza zilitofautiana sana. Idadi iliposhuka hadi milioni 5.5 mwaka 2015, kampuni iliacha kabisa kuitangaza.

Yapo mafunzo mawili. Kwanza, maana ya mteja isipoandikwa kando ya namba, mwenye namba huchagua maana inayompendeza. Pili, kampuni ikiachiwa uhuru, huchapisha namba inapopanda na kunyamaza inaposhuka. Tanzania ina bahati ya kuwa na msimamizi anayechapisha kila robo mwaka, laini zikipanda au zikishuka, na bahati hiyo ithaminiwe kwa kuiboresha.

Kinachopaswa kufanyika

Umuhimu wa jambo hili ni wa vitendo. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Fedha za namna hiyo zinatakiwa ziende mahali palipo na watu wasiofikiwa. Ukitafuta mahali hapo kwa kugawanya laini kwa watu, utaambiwa hapapo.

Mambo matatu yanawezekana bila sheria mpya wala gharama kubwa. TCRA ichapishe kila robo mwaka idadi ya watu wenye laini, kwa kuhesabu namba za NIDA, kando ya idadi ya laini, na ifanye hivyo kwa kila mkoa na wilaya. Hisa za soko zitolewe kwa vipimo vitatu kwa pamoja: laini, matumizi na miamala, ili kampuni yoyote isijichagulie kipimo. Nazo halmashauri, ikiwemo ya Mji Makambako na ya Mji Njombe, ziulize swali la umiliki wa simu katika takwimu zake za kata, kwa mwanamke na mwanaume tofauti, kwa kuwa wastani wa kaya huficha asiye na simu ndani ya nyumba yenye simu tatu.

Msomaji naye ana sehemu yake. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua uitolee taarifa kwa mtoa huduma ili ifutwe. Kisha, utakaposoma tena kwamba mamilioni ya Watanzania wameunganishwa, uliza kwanza: ni laini au ni watu?